Kikaango cha Mama na Kamshafti Isiyonguruma

Mwezi wa pili mwaka ule, tukiwa mezani, Mama alitangaza kwamba mbio za Julai zitakuwa za mwisho. Atakayeshinda ataondoka na kikaango moja kwa moja, na yeye hataki kusikia neno lingine juu yake mpaka azikwe.

"Na nikishazikwa," akaongeza, "msinifuate huko na ugomvi wenu."

Kikaango chenyewe ni cha chuma, kizito kama dhambi. Kimeoka mkate wa mahindi tangu bibi yetu akiwa msichana, na ndani kimeota weusi laini unaong'aa ambao hakuna duka Alabama nzima linalouuza. Hakioshwi kwa sabuni. Shangazi yetu mmoja alikiosha kwa sabuni mwaka 1961, na mpaka leo habari zake zote huanzia hapo.

Mabinti wa Mama tuko wawili: mimi Verlene, niliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na mdogo wangu Ardis. Mama alishindwa kuchagua nani arithi. Basi miaka tisa nyuma alituambia, "Nyinyi kila kitu mnagombania kwa mdomo na hamchoki. Mna magari. Kagombanieni huko." Tangu siku hiyo, kila Julai ukoo unapokutana, tunakwenda uwanja wa mbio wa Cutler, pale penye barabara iliyonyooka ya mita mia mbili na nguzo ya taa, tunashindana mara moja tu. Sheria ni mbili. Gari lifike kwa magurudumu yake lenyewe, bila kubebwa. Na lifike na chakula cha sherehe kwenye buti. Mshindi anakaa na kikaango mwaka mzima.

Ardis hapendi mwendo wa kasi. Anayemkimbizia ni mumewe Dewitt, mwenye gari jekundu aina ya Nova na mdomo usiofungwa. Katika miaka tisa nilikuwa nimeshinda mara moja, mwaka ambao Dewitt alisahau kuachia breki ya kuegeshea. Gari langu ni Chevelle ya mwaka 1966, ya kijani, niliyoinunua kwa mishahara yangu ya mwanzo. Ni gari lenye adabu. Kila nikiliegesha kwao Dewitt hutoka barazani akiwa ameinamisha sikio.

"Shemeji, hilo gari au cherehani?"

"Cherehani inamshonea nguo mtu asiye na haya," humjibu. Lakini maneno yake yalikuwa yananiingia.

Ndiyo maana mwezi wa tatu nilikwenda kwa Jonell Pruitt. Jonell ana miaka thelathini na miwili na karakana aliyoifungua ndani ya banda la kuku la babu yake. Kazi yake ni moja tu: hedi za silinda, yaani vifuniko vya juu vya injini, na kamshafti, ile fimbo inayofungua na kufunga njia za hewa. Watu wanakuja kutoka Georgia kumwachia vyuma vyao, wanapiga foleni mahali ambapo zamani walipiga foleni kwa mayai.

"Nataka injini inayonguruma," nilimwambia. "Nikisimama kwenye taa, vikombe vya watu vitikisike makabatini."

Jonell alinipa karatasi yenye maswali na kalamu ya risasi. Gari lina uzito gani? Giaboksi ya aina gani? Breki za aina gani? Unalitumia kwa safari gani? Injini inafika mizunguko mingapi kwa dakika kabla hujabadili gia? Nilijaza haraka. Kwenye mizunguko niliandika elfu sita na mia tano. Kwenye safari niliandika "mashindano."

Jonell aliisoma akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyezoea.

"Mama Verlene, twende tukanunue mayai."

"Mayai?"

"Yameniishia. Utaendesha wewe."

Alibandika kipimo kidogo cha mizunguko kwenye dashibodi, tukaenda dukani na kurudi, yeye amepakata trei ya mayai. Tuliporudi alinionyesha kipimo. Sindano haikuwa imevuka elfu tatu.

"Fomu inasema elfu sita na mia tano."

"Leo nilibeba mayai."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilimbeba Mama."

"Na siku ya mbio, kwa ukweli wa Mungu?"

Nikatazama nje. "Elfu nne na nusu. Ikizidi hapo naona kama namtesa mnyama."

Alicheka mpaka akaweka mayai chini. "Unajua, wote mnadanganya. Hakuna mtu anayenunua kamshafti akasema kweli. Watu wanasema kweli kwa daktari, kwa mchungaji, hata kwa polisi. Wakifika kwangu, kila mmoja ni dereva wa mashindano." Akachukua kifutio, akafuta majibu yangu, akaandika upya mwenyewe. Breki zinazosaidiwa na injini. Giaboksi ya kujibadili yenyewe, ile ya asili. Kanisani, sokoni, na mara moja kwa mwaka mita mia mbili.

Kisha akaweka mezani jozi mbili za hedi. Zile za kwanza zilikuwa na matundu mapana ya kuingizia hewa, vidole vyangu vinne vilipita. Za pili zilikuwa na matundu membamba, vidole vitatu tena kwa kubanana.

"Chagua."

Nikashika zile pana. Nani angeshika nyingine?

"Mama Verlene, uji ukiwa wa moto unaupulizaje? Unapanua mdomo?"

"Nakaza midomo."

"Kwa nini?"

"Ili pumzi itoke kwa nguvu."

"Basi na injini ni hivyo hivyo. Hizo pana zinafaa gari linalokimbia elfu saba mchana kutwa. Kwenye mwendo wako hewa itapita humo kama mzee anayetembea ukumbini, haina haraka, na petroli inadondoka njiani. Hizi nyembamba nimezinyoosha ndani kwa mkono, kona kwa kona. Hewa itaingia mbio. Na vyumba vyake vya kuchomea ni vidogo, kwa hiyo mgandamizo unapanda. Hapo tayari umepata nguvu, kabla hatujagusa kamshafti."

Halafu akaleta kamshafti mbili, fimbo za chuma zenye nundu pande zote, zimepakwa mafuta, zinang'aa kama samaki waliotoka majini. Ya kwanza, alisema, inaziacha valvu, ile milango ya hewa, wazi kwa nyuzi mia mbili arobaini na nane za mzunguko. Ya pili, nyuzi mia mbili na kumi na sita.

"Hii kubwa ndiyo yenye mdundo," nikasema.

Hakubishana. Alitoka nje akawasha gari lake la mashindano lililokuwa nyuma ya banda, lenye kamshafti kama ile. Mungu anisamehe. Ule mdundo uliniingia kwa nyayo ukatokea kifuani, dum-du-du-dum, unakatika, unarudi. Nilisimama pale nina miaka hamsini na nane, nimekunja mikono kwenye aproni, nikitamani kitu kama msichana. Akilini nilimwona Dewitt akitoka barazani, sikio limeinama, halafu linanyooka.

Jonell akazima. "Unajua unasikia nini? Valvu zinakaa wazi muda mrefu mno, hewa inaingia na kurudi ilikotoka. Kwenye mwendo mkubwa injini inashukuru. Kwenye mwendo mdogo inapaliwa. Huo mdundo mnaoupenda ni injini inayopaliwa."

"Inapaliwa vizuri lakini."

"Vizuri sana. Ila injini inayopaliwa haivuti hewa kwa nguvu, na breki zako zinategemea mvuto huo. Na kwa giaboksi yako ya asili, taa ikiwaka utakanyaga, utasubiri, ndipo injini iamke, nusu ya barabara imeshaisha. Mimi nitakutengenezea unachotaka, mama, kazi ni kazi. Ila niambie, unataka mdundo, au unataka kile kikaango?"

Nilizunguka lile banda mara mbili. Nilitaka vyote viwili, sitaficha. Mwishowe niliweka kidole juu ya ile ndogo, nikakiondoa haraka kabla sijabadili mawazo.

Tuliifunga pamoja wiki mbili za mwezi wa nne. Jonell alibandika udongo wa watoto wa kufinyangia juu ya pistoni, akafunga hedi, akazungusha injini kwa mkono mara mbili, kisha akaifungua tena na kuukata ule udongo kwa kisu cha siagi. Unene uliobaki ndio uliotuonyesha nafasi iliyopo kati ya valvu na pistoni. "Udongo hausemi uongo kama wateja," alisema. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza aliniketisha kwenye usukani na saa mkononi: kamshafti mpya haiachwi ikikoroma taratibu, lazima ikimbizwe mizunguko elfu mbili kwa dakika ishirini, nundu zake zizoeane na vyuma vinavyozigusa. Nikashika mguu palepale dakika ishirini bila kutikisika. Miaka thelathini na moja ya basi la shule haikupotea bure.

Ilipotulia, ilikuwa inasema kidogo tu, kama mtu anayeguna baada ya kushiba. Barabarani, hata hivyo, nilipokanyaga kutoka kwenye taa ya posta, kofia yangu ya kanisani ilihamia kiti cha nyuma. Sikumwambia mtu.

Wiki moja kabla ya sherehe Dewitt alinipigia simu. "Njoo usikie kitu, shemeji."

Niliisikia kabla sijafika kwao. Nova ilikuwa uani, boneti wazi, majirani wamekaa viti vya kukunja kama wako kwenye tamasha, chai baridi mkononi. Dum-du-du-dum. Mbwa wa nyumba ya tatu alikuwa amejificha.

"Nyuzi mia mbili arobaini na nane," Dewitt alisema kwa sauti ya kushinda injini. "Na hedi zenye matundu kama mlango wa kanisa. Nimeagiza kwa simu. Kijana wa dukani akaniuliza mizunguko mingapi, nikamwambia elfu saba."

"Lini umefika elfu saba, Dewitt?"

"Moyoni, shemeji. Moyoni nafika kila siku."

"Umeshaiendesha?"

"Nimekwenda mpaka kwenye kona. Breki imekuwa ngumu kidogo, lakini sikiliza. Sikiliza hiyo."

Nikasikiliza. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia Jonell kwenye simu kwamba nimefanya kosa, tubadilishe, siku saba zinatosha. Akaniuliza tu, "Alisema breki ngumu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi lala," akakata.

Siku ya Julai jua liliwaka tangu saa mbili asubuhi. Watu wa ukoo walijaa uwanja wa Cutler, sabini na kitu, na moshi wa nyama ya nguruwe ulitanda mpaka kwenye nguzo ya taa. Mama aliketi kwenye kiti cha kukunja penye mstari wa kumalizia, mwavuli juu, kikaango mapajani. Jonell alikuja na mkebe wa vifaa na hakuhitaji kuufungua. Dewitt alifika akiwa na mbavu za nguruwe kwenye buti, na alipopita watoto wote walikimbia pembeni ya gari wakipiga makofi. Mimi nilifika na mabakuli mawili ya matunda ya pichi yaliyookwa kwa unga na sukari. Hakuna aliyegeuka.

"Cherehani imefika," Dewitt akatangaza. "Leteni vitambaa."

Tukasogea kwenye mstari. Kwenye uwanja wa Cutler pua ya gari ikishakata mwali wa mwanga pale mwanzo unatulia, unasubiri taa tatu za manjano zishuke, kisha kijani. Ukitoka kabla ya kijani, upande wako unawaka nyekundu, umeshindwa hata kama umefika mwezini. Nilitulia. Upande wa pili Nova ilikuwa inadunda na kunesa. Manjano ya kwanza. Kwa pembe ya jicho nikaona ile pua nyekundu ikisogea. Manjano ya pili. Inasogea bado, polepole, kama ng'ombe anayevuta kamba. Taa nyekundu ikawaka upande wake kabla yeye hajagusa mafuta.

Nilimaliza peke yangu, bila haraka. Dewitt alikuja nyuma yangu kwa mwendo wa msiba, akashuka, akatazama magurudumu yake.

"Imejisogeza yenyewe," alisema. "Nimekanyaga breki kwa mguu wote. Haki ya Mungu imejisogeza."

Mimi nilijua kwa nini. Jonell alijua. Injini inayopaliwa haina mvuto, na breki isiyo na mvuto ni pedali ya mapambo. Mama alishaninyooshea kikaango, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto la jua. Miaka tisa nilikuwa nikiota kukishika bila kukirudisha.

Ardis akanijia. Hakulia, Ardis halii hadharani, lakini alitabasamu lile tabasamu la kupokea wageni. "Hongera, dada. Taa ni taa."

Taa ni taa. Nikaona Krismasi zote zilizobaki maishani mwangu. Ningeoka mkate, ningeuweka mezani, na mtu, hata kama ni mjomba aliyelewa, angesema mkate wa taa nyekundu huo. Na wala asingekuwa amekosea. Hakuna aliyekuwa ameliona gari langu likikimbia kweli. Zile hedi, udongo, dakika ishirini, vyote vilikuwa bado siri yangu na Jonell.

Nikakirudisha mapajani kwa Mama.

"Turudie," nikasema.

"Una homa?" Mama akauliza.

"Sina homa. Sitaki kikaango kilicholetwa na taa."

"Sheria ni mbio moja, Verlene. Ukipoteza, usinililie."

"Nikilia, nitalilia kwangu."

Ardis alinitazama kana kwamba nimevua kiatu kanisani. Jonell alijifunika uso kwa kofia. Mimi nikaenda dirishani kwa Dewitt, aliyekuwa amesharudi garini, nikainama.

"Shemeji, injini yako haiipi breki mvuto. Kanyaga pedali, na breki ya kuegeshea pia uitie. Kijani ikiwaka, iachie."

Akanikazia macho. "Unanifundisha kukushinda?"

"Nakufundisha kusimama. Na safari hii usisahau kuiachia."

Ukoo mzima ulicheka, hata yeye. Tukarudi kwenye mstari.

Manjano. Manjano. Manjano. Nova ikatulia kama jiwe. Kijani, nami nikakanyaga, na Chevelle ikanyanyua pua ikaondoka kama iliyochomwa sindano. Sikusikia mdundo wowote, nilisikia upepo tu na mabakuli ya pichi yakigonga ukuta wa buti. Kwenye kioo Nova ilikuwa imekohoa, imesita, imekohoa tena. Mita hamsini, niko peke yangu. Mita mia, bado. Ndipo injini yake ikaamka. Nilijua kwa sauti. Ule mdundo ulinyooka ukawa yowe, na pua nyekundu ikaanza kukua ndani ya kioo. Ilikuja kweli kweli. Mita mia na hamsini ikawa kwenye buti langu. Kisha kwenye mlango wa nyuma. Nikamwona Dewitt ameachama kama mtoto kwenye bembea. Nikashikilia mguu. Sindano ikavuka elfu nne na nusu, ikafika elfu tano, nikasema samahani mnyama, ikaenda elfu tano na mia tatu.

Mstari ulipita chini yetu pua yake ikiwa kwenye mlango wangu wa mbele.

Tulikwenda kusimama mwisho kabisa, kwenye nyasi, kwa sababu breki zake zilichelewa na mimi nilisahau kukanyaga. Alishuka anacheka kabla hata hajafunga mlango.

"Cherehani!" alisema. "Cherehani imenishonea sanda."

"Mita ishirini zaidi ungenipita."

"Mita ishirini zaidi ningekupita. Lakini Cutler hakujenga mita ishirini zaidi." Akagonga boneti yangu kwa kidole. "Umeweka nini humu?"

"Nimeweka majibu ya kweli."

Mama hakunikabidhi kikaango kwa hotuba. Alisema, "Chukua, miguu imekufa ganzi." Kisha Ardis akafungua buti la Nova, na nyuma ya mbavu za nguruwe akatoa mfuko wa unga wa mahindi, mayai, chupa ya maziwa mgando na siagi. Alikuwa amekuja akijua ataoka yeye.

Tukatazamana.

"Mdogo wangu," nikasema, "kikaango kitalala kwangu. Lakini mimi mkate wangu hukauka, na wewe unajua, na Mama anajua."

"Kila mtu anajua," Mama akasema.

"Basi kila Jumapili uje na unga wako."

Ardis alikunja mikono ya blauzi, akaniomba nisogee, akakoroga unga, akapaka kikaango siagi, akaumimina. Tulikiweka juu ya makaa ya kuchomea mbavu, tukafunika kwa kifuniko cha sufuria na makaa mengine juu, na harufu ilipotoka watu sabini na kitu walisogeza viti vyao bila kuitwa.

Dewitt alikula vipande vitatu amesimama. Kisha akafuta mikono, akamwendea Jonell aliyekuwa ameegemea gari langu.

"Binti, na mimi niwekee kama ya shemeji. Nasikia haina mdundo."

"Haina."

"Hata kidogo?"

"Utadunda mwenyewe kwa mdomo, Bwana Dewitt. Huo unao."

Jonell akatoa karatasi ya maswali na kalamu ya risasi, lakini hakumpa. Akaandika yeye. Uzito. Giaboksi. Breki. Safari. Kisha akauliza, "Mizunguko mingapi kabla ya kubadili gia?"

Dewitt akatazama nyuma. Ardis alikuwa pale, mimi nilikuwa pale, na Mama na mwavuli wake, na kikaango kimebaki na kipande kimoja tu cha mkate.

"Andika elfu nne," akasema.

Kalamu ilipogusa karatasi, akainamisha kichwa karibu na Jonell.

"Na nusu."